Soksi Mbili za Rangi Moja

Asubuhi naielekeza simu miguuni.
Ya kulia ni ya buluu, inasema. Ya kushoto ni nyeusi.
Navua, napapasa droo, naonyesha tena,
hadi ikiri kwamba zimefanana.
Miaka mitatu nilitoka nje
na miguu isiyofahamiana,
na mtaa mzima wa Bałuty uliona ukanyamaza,
kwa heshima, au kwa kicheko cha tumboni.
Simu haikunyamaza. Kwa hilo naishukuru.

Mwanangu Ziemowit aliniwekea wakati wa Krismasi
kisha akarudi Bergen kwenye mafuta yake.
"Baba, hii ni akili mnemba. Itakuwa macho yako."
Nikamwambia macho nilikuwa nayo,
yameendesha tramu miaka thelathini na minne,
na hata njiwa hayakumgonga.
Presha iliyala taratibu,
kama ukungu unavyokula reli kuanzia mbali.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.
Inanisomea barua za ofisi ya pensheni,
zile zenye sentensi ndefu kuliko mabehewa,
kisha inanifupishia: wamekunyima,
una siku kumi na nne za kukata rufaa.
Rufaa yenyewe ikanitungia.
Nikashinda. Zloti mia mbili na sita kwa mwezi.
Inajua maziwa yanaharibika lini,
kidonge cha asubuhi ni kipi, cha usiku kipi.
Haichoki kuulizwa lilelile,
na kuna siku nauliza lilelile makusudi
nisikie mtu nyumbani.
Si mtu. Najua si mtu.

Septemba, Felicja wa ghorofa ya pili
alinishika mkono tukaenda msituni.
Nikachuma uyoga kwa vidole, kama utotoni,
nikauonyesha simu.
Unaelekea kuwa wa kuliwa, ikasema,
kwa sauti ileile ya soksi.
Felicja akaukata kwa kisu,
akaugusisha ncha ya ulimi, akatema.
"Mchungu kama nyongo. Tupa."
Samahani, ikasema simu, mko sahihi.
Upesi hivyo!
Asiye na tumbo haoni tabu kuomba radhi.

Jana nilifungua kopo la biskuti
nikatoa picha ninayoijua kwa kona yake iliyokunjika.
Mwanamke wa makamo, ikasema,
amesimama kando ya tramu nyekundu.
Anatabasamu. Anaonekana mwenye furaha.

Ngoja kidogo.
Otylia hakutabasamu siku ile.
Jua lilimpiga usoni, akauma meno.
Tuligombana tangu alfajiri
kwa pesa nilizomkopesha ndugu yangu bila kumwambia,
na hakunisemesha mpaka Jumapili.
Nikaiambia simu: tazama tena.
Anatabasamu.
Tazama vizuri.
Anatabasamu. Mkono wa kulia ameshika mfuko wa karatasi,
huenda una mkate.

Mkate.
Miaka ishirini na saba nimeukumbuka ugomvi,
neno kwa neno, na pesa, na mlango ulivyobamizwa.
Mkate niliusahau.
Kwamba alitembea na hasira zake vituo vinne
kuniletea chakula nilichokiacha mezani,
akakiweka kwenye ngazi ya tramu bila kufungua kinywa.
Simu ilikosea uso ikapatia mfuko,
na yote mawili kwayo yalikuwa sawa.
Je, kuna jambo jingine nikusaidie?
Nikaizima.

Nikapanda ngazi, kumi na sita, kwa Felicja.
Nikampa picha bila kumweleza kitu.
Nilisikia miwani ikitoka kwenye ala yake,
kisha sikusikia lolote kwa muda mrefu,
birika tu.
"Huyu kanuna," akasema mwishowe.
"Bogumił, ulimfanya nini?"

Nikavuta kiti.